Maji Yanayozaliwa na Moto: Unyevu Katika Dohani ya Hita ya Gesi

Tangu utotoni mtu hufundishwa kwamba maji huzima moto. Ni wachache wanaoelezwa kwamba moto nao huzaa maji. Anayetaka kulithibitisha jambo hilo hahitaji maabara. Na ajaze maji baridi katika sufuria, aikaushe vizuri kwa nje, aiweke juu ya jiko la gesi, kisha ainame atazame kitako chake. Kwa muda wa nusu dakika hivi ataona ukungu umetanda juu ya bati, na pengine vitone vichache vikining'inia ukingoni. Sufuria ikipata joto vyote hutoweka. Maji hayo hayakuvuja kutoka ndani ya sufuria. Yametoka katika moto wenyewe.

Jambo hili dogo, ambalo jikoni halimdhuru mtu, ni chanzo cha usumbufu mkubwa, na mara nyingine cha msiba, katika nchi za baridi ambako mamilioni ya nyumba hupata maji ya moto kutoka katika mitambo ya kuchoma gesi. Watu huamka asubuhi wakakuta maji yametuama chini ya hita. Wengine humwita fundi aondoe pipa zima na kuweka jipya, ilhali la zamani halina hata tundu moja. Wengine hukinga ndoo, wakaridhika. Walio katika hatari zaidi ni wale wasioona kitu chochote, kwa sababu maji yao yananywewa na matofali ya dohani kimya kimya. Miongoni mwa wanaoishi na mitambo hii wamo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wakahamia miji ya kaskazini ya Marekani na Kanada, wengine wakipanga katika nyumba kuukuu ambazo historia ya dohani zake hakuna anayewasimulia.

KEMIA YA MOTO WA GESI

Gesi asilia, kwa sehemu yake kubwa, ni methani. Molekuli moja ya methani ina atomu moja ya kaboni na atomu nne za haidrojeni. Inapoungua, kaboni huungana na oksijeni ya hewa ikawa kaboni dayoksaidi, na haidrojeni huungana na oksijeni hiyo hiyo ikawa maji. Kwa uzito, gramu 16 za methani huzaa gramu 36 za maji. Yaani kilo moja ya gesi hutoa kilo mbili na robo za maji. Msomaji asidhani kwamba hesabu imekosewa kwa kuwa maji yamezidi gesi iliyoyazaa. Katika gramu hizo 36, gramu 32 ni oksijeni iliyochukuliwa hewani.

Hita ya kawaida katika nyumba ya Kimarekani ina pipa la lita 150 hivi na moto wa kilowati 12 takriban. Moto huo ukiwaka saa nzima huteketeza gesi inayozidi kidogo meta moja ya ujazo, na huzaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Jamaa ya watu watano au sita, wanaooga, kufua na kuosha vyombo, waweza kuufanya moto huo uwake jumla ya saa tatu kwa siku. Kwa hiyo lita tano hivi za maji hupanda dohanini kila siku inayopita, nao ni ujazo wa ndoo kubwa kila baada ya siku nne.

Kwa kawaida hakuna anayeyaona maji hayo kwa kuwa ni mvuke, na mvuke halisi hauonekani kwa macho. Ule weupe unaofuka juu ya paa siku za baridi si mvuke tena, bali ni vitone vidogo mno vya maji yaliyokwisha kurudi katika hali yake. Kurudi huko kwa mvuke kuwa maji ndiko wanasayansi wanakokuita mtonesho.

Mtonesho hautokei ovyo. Mkazi wa Dar es Salaam anayemimina maji ya barafu katika gilasi huiona ikitokwa na jasho mara moja, kwa sababu uso wake umekuwa baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa ya mjini, ambacho wakati wa masika hufikia nyuzi 24 hivi za Sentigredi. Kiwango cha umande ni ile halijoto ambayo hewa ikipozwa hadi hapo haiwezi tena kuubeba mvuke wote ilionao. Moshi wa gesi una mvuke mwingi kupita hewa yoyote ya pwani. Methani ikiungua kwa hewa inayotosha tu, karibu sehemu moja ya tano ya ujazo wa moshi wake huwa mvuke, na kiwango cha umande cha moshi huo ni nyuzi 59 hivi. Hewa ikiongezwa hadi kuwa maradufu, kiwango hushuka kikafika nyuzi 46. Hivyo ukuta wa dohani si lazima uwe wa barafu ndipo ulowe. Ukuta wenye joto la mwili wa binadamu unatosha kabisa kuugeuza moshi kuwa maji.

JINSI HITA INAVYOPUMUA

Hita ya namna inayozungumzwa hapa ni pipa la chuma lililosimama, lenye kichomeo chini yake na bomba lipitalo katikati ya maji hadi juu. Moshi hupanda katika bomba hilo, ukayaachia maji sehemu kubwa ya joto lake, kisha ukatokea juu ya pipa chini ya kofia ya bati iliyo wazi pembeni. Uwazi huo umewekwa kwa makusudi. Upepo ukivuma kurudi chini dohanini hutokea hapo pembeni badala ya kukipuliza kichomeo kikazimika. Na mvuto wa dohani ukizidi, hewa ya chumba huingia hapo ikaupunguza. Hewa hiyo huushusha umande wa moshi, lakini pia huupoza moshi wenyewe, na mtu hawezi kuupata wema wake bila kuubeba ubaya wake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Benjamin Waddy Maughan alipotengeneza hita yake ya gesi mjini London mwaka 1868 hakuiwekea bomba la moshi hata kidogo. Chombo kile kiliwapa watu maji ya moto bafuni na kuwapa pia moshi wote uliotokana nayo. Mwaka 1889 Edwin Ruud, mhandisi kutoka Norway aliyehamia Pittsburgh, alibuni hita yenye pipa inayojiwasha na kujizima yenyewe, na hita za pipa za leo ni za ukoo huo.

Dohani haina mashine. Inavuta kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Meta moja ya ujazo ya hewa kwenye nyuzi sifuri ina uzito wa kilo 1.29, ikipashwa hadi nyuzi 90 uzito huo hushuka hadi kilo 0.97. Katika dohani yenye urefu wa meta 6, tofauti hiyo huleta kanieneo ya Paskali 19 hivi. Moshi ukipoa hadi nyuzi 40 zinabaki Paskali 9 au 10. Na siku ya joto, hewa ya nje ikiwa nyuzi 25 na moshi nyuzi 40, mvuto wote ni Paskali 3 na kitu. Hizi ni nguvu dhaifu mno. Kipande cha karatasi ya daftari kilicholazwa mezani huikandamiza meza kwa Paskali moja hivi. Feni ya jikoni inayotoa harufu za mapishi, katika nyumba iliyozibwa madirisha, yaweza kuushinda mvuto huo na kuugeuza moshi urudi ulikotoka.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Baridi ile ile inayoutonesha mvuke ndani ya dohani ndiyo inayoidhoofisha dohani isivute. Maji yanayodondoka si ugonjwa peke yake. Ni habari kwamba dohani imepoa, na dohani iliyopoa haifanyi kazi yake. Anayekinga ndoo amepokea habari hiyo akaikunja bila kuisoma.

HITA YATIMA

Ichukuliwe nyumba ya matofali mjini Chicago, mojawapo ya maelfu yaliyojengwa huko kati ya mwaka 1910 na 1940. Katika chumba cha chini ya ardhi yamesimama mambo mawili: tanuri kubwa la gesi lililopasha nyumba nzima joto, na kando yake hita ya maji. Moshi wa vyote viwili uliingia katika dohani moja ya matofali inayopanda ukutani kwa nje. Tanuri lilikuwa na moto wa kilowati 30 au zaidi, na wakati wa baridi liliwaka mchana na usiku. Ndilo lililoipasha dohani joto. Moshi mdogo wa hita ulipanda pamoja nao kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Kisha tanuri likachakaa. Mwenye nyumba akanunua jipya la ufanisi mkubwa, la aina iliyoanza kuenea tangu miaka ya 1980. Tanuri hilo hutumia joto karibu lote la gesi, na moshi wake hutoka ukiwa vuguvugu tu, kwa bomba la plastiki linalotoboa ukuta. Halihitaji dohani. Hesabu ya gesi ikapungua, kila mtu akafurahi, na hakuna aliyeikumbuka hita iliyobaki peke yake chini ya dohani iliyojengwa kwa ajili ya wawili. Mafundi wa Marekani wana jina lao kwa hita iliyoachwa hivyo: huiita yatima.

Vipimo vinajieleza vyenyewe. Mdomo wa hita una kipenyo cha sentimeta 7.5, yaani eneo la sentimeta 44 za mraba. Dohani ya zamani yenye upande wa sentimeta 20 kwa ndani ina eneo la sentimeta 400 za mraba, ambalo ni mara tisa ya mdomo huo. Kanuni za gesi za Marekani husema eneo la dohani lisizidi mara saba ya mdomo wa mtambo uliobaki, na kwa dohani zilizo nje ya ukuta huweka masharti makali zaidi. Moshi haba ukiingia katika shimo pana hutembea polepole, na utembeapo polepole hupoa. Kuta zake nazo ni matofali yenye uzito wa tani kadhaa, yaliyokesha katika baridi ambayo mwezi wa Januari huko Chicago hufika nyuzi 10 chini ya kuganda bila mtu kushangaa. Hita huwaka dakika 20 au 30, kisha huzima. Kabla matofali hayajaanza kuhisi joto, moto umekwisha.

Tena kuna jambo linaloongeza uzito wa mambo. Maji ya mfereji ya Chicago hutoka Ziwa Michigan, na katikati ya majira ya baridi huingia nyumbani yakiwa nyuzi chache tu juu ya kuganda. Kuyapasha kunataka gesi nyingi kuliko wakati wa kiangazi. Kwa hiyo moto huzaa maji mengi zaidi katika miezi ile ile ambayo dohani iko tayari kuyatonesha.

YANAKOKWENDA MAJI HAYO

Maji ya dohani si maji safi. Kaboni dayoksaidi huyeyuka ndani yake ikawa asidi hafifu. Oksaidi za naitrojeni zitokazo katika moto, na salfa kidogo iliyomo katika harufu inayotiwa kwenye gesi ili mtu aitambue ikivuja, huongeza ukali. Kipimo cha asidi cha maji hayo kwa kawaida ni kati ya pH 3 na 5, ukali usio mbali na ule wa maji ya machungwa au ya nyanya. Mtu aweza kuona kwamba hilo si jambo la kutisha, kwa kuwa machungwa huliwa. Lakini bati likinyweshwa maji ya machungwa kila siku kwa miaka mitano litatoboka. Ikiwa mama wa nyumba anaweka karibu na hita dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, harufu ya klorini huvutwa na kichomeo pamoja na hewa, ikatoka upande wa pili ikiwa asidi kali ya haidrokloriki. Hapo kutu haihitaji miaka mitano.

Katika dohani ya matofali asidi hushambulia chokaa iliyoshikilia matofali. Dalili za kwanza huonekana mbali na hita: ukuta wa chumba cha kulala kilicho ghorofani unatoa chumvi nyeupe, rangi inavimba na kubanduka, na watu hulaumu paa. Kisha huja jalidi. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa sehemu 9 katika 100, na tofali lililoshiba maji haliwezi kustahimili kutanuka huko majira baada ya majira. Linapasuka magamba. Vipande vya tofali, vya kigae na vya chokaa hudondoka ndani ya dohani hadi kitakoni, mahali hasa ambapo bomba la hita linaingilia. Huko hurundikana, kidogo kidogo, pasipo mtu kuona.

Siku rundo hilo linapofika kwenye mdomo wa bomba, moshi hauna pa kwenda isipokuwa kumwagika chumbani kupitia uwazi wa kofia. Mwanzoni huenda usiwe na sumu nyingi, kwa sababu moto uliopata hewa safi ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi kidogo sana. Lakini baada ya muda kichomeo huanza kuvuta moshi wake chenyewe, uliopungukiwa oksijeni. Kaboni huungua nusunusu, na kaboni monoksaidi huongezeka. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivi kwamba mtu hukosa pumzi huku mapafu yake yakijaa hewa. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu. Aliyetoka Afrika ya Mashariki atadhani ni malaria iliyomfuata ng'ambo, na Mmarekani atadhani ni mafua. Alama ya kutilia maanani ni kwamba watu wa nyumba moja huumwa kwa pamoja, nao hupata nafuu wakitoka nje. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa hutaja zaidi ya watu 400 wanaokufa kila mwaka nchini humo kwa gesi hii kwa bahati mbaya, bila kuhesabu waliokufa katika majanga ya moto. Si wote wanaouawa na dohani. Wako wanaouawa na jenereta na magari. Hata hivyo dohani iliyoziba ni mojawapo ya njia ambazo kifo hicho huingilia nyumbani.

KUTAMBUA MAJI YALIPOTOKA

Kabla ya kununua chochote yafaa kujua ni maji gani. Hita mpya, au iliyotoka kumwagwa ikajazwa maji baridi, hulia na kuchuruzika katika saa ya kwanza: vitone hudondokea kichomeo na kutoa sauti ya kukaanga. Hiyo ni sufuria ile ile ya jikoni kwa ukubwa wa pipa. Maji ya ndani yakikaribia nyuzi 50 hukoma yenyewe, na anayelibadili pipa kwa sababu hiyo amepoteza fedha zake. Pipa dogo mno kwa jamaa kubwa hufanya hivyo kila siku, kwa kuwa haliishi kujazwa maji baridi. Maji yanayoonekana hata gesi ikiwa imefungwa siku nzima ni ya pipa lililotoboka kweli au ya kiungo cha bomba. Yale yanayokuja na mvua yameingia juu ya dohani isiyo na kifuniko. Yanayobaki, yaani michirizi yenye kutu kwenye viungo vya bomba la moshi, ukungu kwenye kofia, unga mweupe au wa kijani juu ya pipa, hayo ni ya mtonesho wa dohani.

Mvuto nao hupimwa kwa njia nyepesi. Milango na madirisha hufungwa, feni zote za kutoa hewa na mashine ya kukaushia nguo huwashwa, kisha bomba la maji ya moto hufunguliwa ili hita iwake. Baada ya dakika 5 kijiti cha udi kinachofuka huletwa karibu na uwazi wa kofia, kuuzunguka wote. Moshi wa udi ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Ukisukumwa nje, hita izimwe, madirisha yafunguliwe na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Katika nyumba ambayo udi haukosekani, hakuna sababu ya kuliacha jaribio hili. Lakini halichukui nafasi ya king'ora cha kaboni monoksaidi, ambacho hukesha wakati watu wamelala. Kimoja huwekwa karibu na vyumba vya kulala katika kila ghorofa.

TIBA

Tiba ya hita yatima, kwa desturi, ni kuivika dohani bitana. Bomba jembamba la alumini au la chuma kisichoshika kutu huteremshwa ndani ya dohani ya zamani kutoka juu hadi chini, na hita huunganishwa nalo. Bati hilo jepesi hupata joto kwa dakika moja au mbili, ilhali tofali lilitaka nusu siku. Kipenyo chake hakikisiwi kwa macho. Yapo majedwali yanayokitaja kwa kufuata nguvu ya moto, urefu wa dohani na urefu wa bomba la kuunganishia. Lililo pana mno hurudisha tatizo, na lililo jembamba mno huusukuma moshi chumbani. Kabla ya kulitumbukiza, kitako cha dohani husafishwa na vifusi vyote huzolewa. Fundi anayeiruka hatua hiyo ameivika maiti shati jipya.

Bomba linalotoka kwenye hita hadi dohanini nalo linahitaji kuangaliwa. Bati la ukuta mmoja likipita katika chumba chenye baridi hupoteza joto njiani. Lipo bomba la kuta mbili, la alumini kwa ndani na la bati lililopakwa zinki kwa nje, lenye hewa iliyobanwa kati. Hilo hutunza joto vizuri zaidi. Liwe fupi, lenye pindo chache, na lipande angalau sentimeta 2 kwa kila meta moja ya urefu. Pahali linapobonyea kama tumbo la ng'ombe ndipo maji yatakapotuama na kutoboa.

Yako mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema, nayo ni mabaya. Kuziba uwazi wa kofia ili maji yasidondoke ni kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa kunauondoa mlango wa usalama wa moto. Kulifunga bomba la ukuta mmoja kwa blanketi lolote lililopatikana dukani huficha kutu na kuweka kitu kisichopimwa juu ya chuma cha moto. Kuiunganisha hita ya kawaida na bomba la plastiki, kwa kuwa tanuri jipya limetumia plastiki, ni hatari iliyo wazi: moshi wa tanuri ni vuguvugu, ule wa hita ni wa moto, na plastiki italainika na kuanguka. Mpangaji, kwa upande wake, hana haki ya kuvunja dohani ya mtu, lakini kumwandikia mwenye nyumba barua yenye tarehe, ikieleza alichokiona na matokeo ya jaribio la udi, ni jambo ambalo hakuna anayeweza kumkataza.

Njia nyingine ni kuuacha moto wa namna ile kabisa. Hita za kisasa zinazotonesha kwa makusudi zimeligeuza tatizo kuwa faida. Kila kilo ya mvuke inayorudi kuwa maji hurudisha nishati ya megajuli 2.4 hivi, na kwa kuwa kilo moja ya methani huzaa kilo 2.25 za maji, ni megajuli 5 na nusu kati ya 55 ambazo dohani ya kale ilizitupa hewani. Sehemu moja katika kumi si kitu kidogo. Mitambo hiyo huyakusanya maji yake kwa bomba maalumu, na mara nyingi huyapitisha kwanza katika chombo chenye vipande vya mawe ya chokaa ili asidi ipungue. Uingereza na Wales ziliyafanya majiko ya namna hiyo kuwa ya lazima mwaka 2005. Baridi kali ya Desemba 2010 ikawafundisha watu somo jingine: mabomba membamba ya kutolea maji yaliyopita nje ya kuta yaliganda, maji yakarudi nyuma, na mitambo ikajizima katika nyumba nyingi wakati ilipohitajiwa zaidi. Tangu hapo mafundi huhimizwa kulipitisha bomba hilo ndani ya nyumba, au kulifanya nene na kulifunika.

HITA NDOGO ZA MITUNGI

Katika miji ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kama Nairobi na Arusha, zimeingia hita ndogo zisizo na pipa, zinazotundikwa ukutani na kuwaka bomba linapofunguliwa. Gesi yake ni mchanganyiko wa propani na butani, na kilo moja hutoa kilo 1.6 hivi za maji. Mtungi wa kilo 15 ukimalizika umekwisha kuzaa lita 23 au 24. Kiwango cha umande cha moshi wake ni nyuzi 55 hivi, kwa hiyo ukuta wa asubuhi ya Julai ni baridi kwake kama ulivyo ule wa Chicago. Kwa kuwa bomba lake ni fupi na la bati jepesi, hupata joto upesi, na matone machache kwenye ncha yake alfajiri hayana neno.

Lenye neno ni lile la hita iliyofungwa ndani ya chumba cha kuogea bila bomba lolote, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya baridi. Humo maji yatokayo katika moto huchanganyika na mvuke wa maji ya kuoga, kioo hufifia kama kinavyofifia siku zote, na ile habari ambayo katika dohani ya matofali ingeandikwa kwa michirizi ya kutu haiandikwi popote. Mahali pa hita kama hiyo ni nje ya chumba, kwenye ukuta unaopata hewa, bomba lake likitazama uani ili vitone vya asubuhi vidondokee mchangani.